Mnyonge na Haki Yake

Katika majlisi zetu nyingi za siku hizi, iwe harusi, iwe maziko, iwe mkutano wa kijiji uliokusudiwa kuzungumzia kisima kilichokauka, umezuka utaratibu ambao haujulikani nani aliyeutunga, walakini kila mtu anautii: viti vya mbele, vile vyenye mito na vitambaa vyeupe, huachwa vitupu tangu asubuhi vikimngoja mtu mmoja mwenye mali au madaraka, ilhali wenyeji waliochimba kaburi, waliopika chakula na waliokesha na mgonjwa mpaka roho yake ikatoka, hukaa nyuma juu ya mikeka au husimama juani. Mgeni huyo akifika, aghalabu saa nyingi baada ya wakati uliotangazwa, shughuli husimama; hotuba iliyokwisha kuanza hukatwa; mshereheshaji humsifu kwa sifa ambazo marehemu mwenyewe hakuzipata; na wakati wa kuondoka umati humsindikiza hadi garini, mfiwa akabaki peke yake na jamaa zake wachache. Simlaumu mgeni, kwa maana pengine hakuomba hata moja katika hayo. Lawama ni yetu sisi tuliompa, bila kuombwa, kitu ambacho hakikuwa chetu kukitoa, yaani fungu la heshima lililokuwa la mtu mwingine.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nia yangu katika makala haya si kuwachochea watu wawachukie matajiri, maana mtu anayemhusudu tajiri na mtu anayemsujudia wamekwisha kubaliana katika jambo moja kubwa, kwamba mali ndiyo kipimo cha binadamu, nami jambo hilo silikubali. Ninalodai ni kwamba heshima ni haki kabla haijawa zawadi, na kwamba wa kwanza katika kuistahiki ni yule ambaye kazi yake ya kila siku ndiyo inayowawezesha wengine wote kuishi: mkulima, mvuvi, mkunga, hamali, mwalimu wa chuoni na wa skuli, mfagiaji wa barabara, na mama anayeamka kabla ya adhana ya alfajiri kuwasha moto wa maandazi. Maisha ya watu hawa hayakuumbwa yawe baraza ya kungojea maisha mengine yaliyo bora. Ni maisha kamili, yenye elimu yake, murua wake na furaha yake, na anayeyaishi kwa uaminifu hadi mwisho wa umri wake hadaiwi kitu na mwenye jumba la ghorofa.

Historia ya pwani yetu inatufundisha jinsi sifa zinavyoweza kupotea njia. Mwaka 1331 msafiri wa Maghribi, Ibn Battuta, alifika Kilwa katika zama za Sultani Hasan bin Suleiman, ambaye kwa wingi wa utoaji wake alipewa lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Ibn Battuta alimsifu kwa uchaji na unyenyekevu, akasimulia kwamba siku ya Ijumaa, Sultani alipokuwa akitoka msikitini, fakiri mmoja wa Yemen alimsimamisha njiani akamwomba nguo zile zile alizozivaa, na Sultani akazivua akampa. Watu wakastaajabu, kisha mwana wa Sultani akazikomboa nguo hizo kwa kumpa fakiri watumwa kumi, na Sultani, aliposikia jinsi watu walivyoshukuru kitendo chake, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Habari hiyo imesomwa kwa karne takriban saba kuwa ni habari ya ukarimu, na ukarimu ulikuwamo. Hata hivyo ni wajibu wetu kuihesabu upya kwa insafu. Watu 20, ambao kila mmoja wao alikuwa na mama aliyemzaa na jina aliloitwa, walitolewa mkono huu wakatiwa mkono ule ili mtu mmoja azidi kusifiwa kwa unyenyekevu, wala hapana kalamu iliyouliza hata mmoja wao alitoka wapi na alimwacha nani nyuma. Sidhani kwamba Ibn Battuta alikuwa mtu mwovu. Alikuwa mtu wa zama zake, mwenye macho makali kwa mambo mengi. Lakini macho yakiisha kujaa nuru ya mtu mkubwa, huwa hayana tena nafasi ya kumwona aliyesimama ubavuni pake, na udhaifu huo haukuisha na karne ile.

Jumba linalonasibishwa na Sultani huyo huyo, Husuni Kubwa, lilijengwa juu ya jabali linalotazama bahari, likawa na vyumba zaidi ya mia moja na birika la kuogea la pembe nane, walakini halikumalizika kujengwa wala halikukaliwa muda mrefu. Wachimbuzi wa mambo ya kale walioifukua Kilwa katika miaka ya 1960 walikuta, pamoja na fahari hizo, ushahidi wa watu wengine: vigae vya vyungu vya kupikia, shanga zilizochongwa kwa makombe, mifupa ya samaki, na athari za nyumba za miti na udongo. Maisha hayo ya jiko na nyavu ndiyo yaliyolitangulia jumba, na ndiyo yaliyobaki jumba lilipohamwa. Wakazi wa Kilwa Kisiwani wangali wakivua katika maji yale yale. Na chokaa iliyosimamisha kila ukuta wa Sultani ilitokana na mawe ya matumbawe yaliyovunjwa, yakapangwa juu ya kuni na kuchomwa na mafundi ambao hapana aliyeandika majina yao juu ya mlango wowote.

Unguja nayo ina somo lake. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, jumba lililoupita mji mzima kwa urefu, na katika zama zake hizo hizo maji ya Chemchem, upande wa Bububu, yalivutwa yakaletwa mjini ili raia wapate kunywa. Yote mawili yalikuwa kazi ya mtawala mmoja, lakini tazama tulivyoyagawia sifa: kwa miaka mingi tumewapeleka wageni na watoto wa skuli kulitazama jumba, na wachache mno tuliowapeleka kuitazama chemchemi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba hilo iliporomoka likiwa katika matengenezo, na watu wakafa chini ya vifusi. Nililisikitikia jumba kama walivyolisikitikia Waswahili wengi, kwa sababu ni turathi yetu. Lakini nauliza ni wangapi katika sisi, tunaolijua vyema jina la aliyelijenga, wanaoweza kutaja jina la mmoja wa waliokufa ndani yake. Mtawala akisifiwa, na asifiwe kwa maji aliyowafikishia raia, maana hapo ndipo ukubwa wake ulipoyagusa maisha ya watu na kuyafanya mepesi.

Aliye na shaka kuhusu nani anayeubeba mji, na aitazame Mombasa ya Januari 1947. Makuli wa bandarini, wafanyakazi wa reli, wapishi wa mahoteli na watumishi wa majumbani, jumla yao wapatao 15,000, waliacha kazi tarehe 13 ya mwezi huo, kwa sababu ujira wao haukutosha chumba wala chakula katika mji ambao gharama zake zilikuwa zimepandishwa na vita. Walikutana kiwanjani kushauriana na kusikilizana, na kiwanja hicho wakakiita Kiwanja cha Maskini, wala hawakulionea haya jina hilo, kwa kuwa walijua kwamba umaskini wao ulitokana na ujira mdogo wala haukutokana na uvivu. Kwa muda wa siku kama 12 kazi ya bandari ilikwama, na nyumba za wakubwa zilikosa wa kuwasha jiko. Serikali ya kikoloni, ambayo iliwatambua watu wale zaidi kwa namba ya kipande kuliko kwa majina, ililazimika kuunda baraza la kuchunguza hali yao, na ujira ukaongezwa. Mwaka uliofuata mahamali wa bandari ya Unguja nao waligoma, na mgomo ukaenea mjini.

Naukumbusha mgomo huo kwa sababu moja tu. Mabwana wote wa Mombasa wangaliweza kusafiri kwa pamoja kwa siku hizo 12 na mji ukaendelea na shughuli zake. Makuli walipokaa kitako kwa muda huo huo, mji ulisimama. Maadamu jambo hili ni kweli katika kila mji uliopata kujengwa duniani, mbona katika kugawa taadhima tunatenda kana kwamba ni kinyume chake?

Tukiacha habari za kale, twende Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, ambako vyombo vya mbao vingali vikiundwa ufukoni. Fundi wa kalafati huketi chini ya ubavu wa chombo, miguu mchangani, akaisokota pamba kwa vidole mpaka ikawa uzi mnene, akaitia mafuta, kisha akaishindilia katika mwanya ulio kati ya ubao na ubao kwa patasi butu na nyundo, akigonga kidogo kidogo, akihama shubiri baada ya shubiri. Sikio lake humhudumia kama jicho, maana mlio wa nyundo hubadilika pamba inaposhiba. Akizidisha nguvu, mbao hutanuka. Akipunguza, maji hupita. Kazi hiyo haina njia ya mkato, na inapokwisha, deheni hupakwa chini, rangi hupakwa juu, na pamba ile haionekani tena na mtu yeyote.

Siku ya kushua chombo, mwenye chombo ndiye anayepongezwa na kupigwa picha, nami simnyimi pongezi zake, kwani fedha yake ilitumika. Lakini usiku, katikati ya mkondo, upepo unapovuma na watoto wamelala juu ya mizigo, abiria hawaelei juu ya fedha ya mwenye chombo. Wanaelea juu ya uaminifu wa mtu aliyejua kwamba hapana atakayekagua kazi yake, wala hakuruka hata shubiri moja. Uaminifu wa namna hii, unaotendwa pasipo shahidi na pasipo matumaini ya kusifiwa, ndio ninaouita ukubwa, na ndio unaoendesha zahanati zetu, mashamba yetu, majiko yetu na vyuo vyetu kila siku bila kutangazwa. Wazee wa baharini walituonya tusisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Sisi tumefika mahali pa kuwasahau mabaharia wote tukabaki kuwaimbia manahodha.

Hasara ya usahaulifu huo huwaangukia zaidi vijana. Kijana wa leo hushinda na simu mkononi akitazama magari, saa na majumba ya watu asiowajua, na siku nzima hupita asione picha hata moja ya mtu anayepalilia, anayeshona au anayemuuguza mzee, ikionyeshwa kuwa ni jambo la kupendeza. Basi huanza kuyaona maisha ya baba yake kuwa ni aibu ya kukimbiwa. Wengine huitupa akiba yao ndogo katika kamari za mipira kwa tamaa ya kuamka matajiri. Wengine hujiweka chini ya kwapa la mwenye fedha, wakimsifu kwa kila alitendalo kwa ujira wa nauli na chakula, na kazi hiyo imezoeleka hata wanaoifanya huitwa chawa, nao huitikia jina hilo kwa fahari. Nasema kwa uchungu, na kwa mapenzi ya vijana hao: mtu aliyekwisha kuukodisha ulimi wake hataweza kusema kweli siku kweli itakapohitajika, na nchi iliyojaa wapambe ni nchi ambayo wakubwa wake hawapati habari ya njaa mpaka njaa imekwisha kuua.

Hata wale tunaowaenzi kwa haki huwa tunawasimulia kwa namna inayowadhulumu wengine. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, ambaye mwaka 1928 alifika Bombay akatiwa sauti yake katika santuri, na ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu, husimuliwa mara nyingi kana kwamba maisha yake yalianza siku alipoacha kuuza vyungu. Mama yake alikuwa mfinyanzi, naye binti alivibeba vyungu hivyo kichwani akivinadi, na wasimulizi husema kwamba ni katika kunadi huko sauti yake ilikomaa hata ikawa inasikika mbali. Ikiwa ndivyo, basi skuli yake ya kwanza ilikuwa biashara ya vyungu, na mama aliyekanda udongo, akaukausha na kuuchoma, ana fungu lake katika kila sifa tunayommiminia binti. Kumsifu Siti kwa kuyadharau maisha yaliyomlea ni kumsifu nusu.

Najua nitaulizwa: je, wataka watu waridhike na ufukara? Hasha. Ufukara ni dhiki, na mtoto aliyekosa dawa hafarijiki kwa kuambiwa kwamba maisha ya kawaida ni matukufu. Kila mtu ana haki ya kutafuta ziada, kujenga nyumba imara, kusomesha wanawe na kupumzika uzeeni, na mfanyabiashara aliyechuma kwa halali na kuwaajiri wenziwe kwa ujira wa haki ametenda jambo la kheri. Ninalolipinga ni kule kuvifanya vitu alivyonavyo mtu viwe ndiyo dalili ya thamani yake, kwa sababu anayekubali kipimo hicho humhukumu maskini mara mbili: kwanza amekosa mali, na pili amenyimwa utu.

Dini zetu hazikumkataza mtu kutajirika, lakini zilikuwa na hadhari kubwa juu ya jambo hili. Uislamu uliweka zaka, fungu moja katika arobaini la fedha na mali ya biashara, ukalifanya kuwa haki ya maskini iliyomo ndani ya mali ya tajiri, ili anayepokea asilazimike kumpigia magoti anayetoa. Leo gunia la unga hutolewa mbele ya kamera, na mjane anayelipokea hutakiwa alishike pamoja na mtoaji, atazame mbele, na ashukuru kwa sauti; haki yake imegeuzwa kuwa tangazo la mtu mwingine, naye ameshiriki kulitengeneza bila ya kuulizwa radhi.

Siasa zetu nazo ziliwahi kulifikiri jambo hili kwa dhati. Azimio la Arusha la 1967 lilimtaka kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika makampuni, wala nyumba za kupangisha, na masharti hayo yalilegezwa katika kikao cha Zanzibar mwaka 1991. Mtu anaweza kubishana juu ya uchumi wa zama zile, na mabishano hayo ni ya haki. Lakini itikadi moja iliyokuwamo haikustahili kutupwa pamoja na mengine, nayo ni kwamba mwenye dhamana ya umma anapaswa kuishi karibu na wale anaowatumikia, ajue bei ya unga wao na urefu wa foleni zao, na kwamba kuishi hivyo hakumshushii hadhi.

Basi tuanze na yaliyo mikononi mwetu. Msibani, kiti cha mbele kiwe cha mfiwa na cha waliomuuguza marehemu. Shughuli ianze saa iliyotangazwa, na aliyechelewa akae panapopatikana, awe nani awaye. Zahanati au kisima kinapofunguliwa, jiwe linaloandikwa jina la aliyekata utepe liandikwe pia majina ya mafundi waliojenga, na ya wanakijiji waliosomba mchanga na maji. Magazeti, na hili mojawapo, yampe nafasi mkunga aliyestaafu baada ya kuzalisha kizazi kizima cha mtaa wake, kama yanavyompa mwenye kampuni aliyenunua gari. Walimu wawapeleke watoto kwa seremala, kwa mfinyanzi na kwa mvuvi, wakasikilize na kuuliza maswali, ili wajue kwamba kuna elimu isiyo na shahada. Na sisi wazazi tumsifu mtoto aliyemchotea maji jirani mzee kwa furaha ile ile tunayomsifia aliyeongoza katika mtihani, kwa maana mtoto hujifunza cha kupenda kwa kuangalia tunachokisifu.

Lakini kipimo kilicho kikubwa kuliko vyote hivyo kiko dirishani, kule ofisini, hospitalini na mahakamani, ambako mtu asiye na jina kubwa wala ndugu wa kumpigia simu hufika na shida yake. Akipokewa kwa salamu, akasikilizwa kwa zamu yake, na akaelezwa haki yake kwa lugha anayoifahamu, nchi hiyo ni tukufu, hata majumba yake yakiwa mafupi. Na akisukumwa pembeni ili apishwe aliyeshuka garini, hapana hotuba wala jumba litakaloifuta aibu hiyo. Jambo hili halihitaji bajeti, wala sheria mpya, wala kungoja uchaguzi. Linamhitaji kila mmoja wetu aliye upande wa ndani wa dirisha amtambue mwenye zamu kuwa ndiye mwenye zamu, amevaa kanzu ya hariri au msuli uliotoboka, na amhudumie kama anavyotaka mama yake mwenyewe ahudumiwe mahali ambapo hapana mtu anayemjua.